Masta ya jioni na saa za watu

Binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani aliondoka Jumanne asubuhi, na mtihani wangu wa kwanza wa masta ulikuwa Jumatano jioni. Hakugombana na mtu. Alipika chai, akamwogesha kitinda mimba wetu aliyekuwa na miaka mitatu, kisha akaja kusimama mlangoni pa chumba changu na begi lake mgongoni. "Dada, naomba niende nyumbani." Nikadhani amefiwa, nikamuuliza ni nani. "Hajafa mtu," akasema. "Nimechoka tu."

Nilimpa mshahara wake. Nauli sikumpa. Hilo nalisema mapema, nisije nikalisahau huko mbele nikianza kujisifu.

Kwa miezi kadhaa kisa hiki nilikisimulia ofisini kama kisa cha dada wa kazi aliyenifanyia ubaya wiki ya mtihani. Wenzangu nao walikuwa na vya kwao, tunacheka, tunapeana pole. Ilinichukua miezi saba kukiona kilivyo, na hata hapo sikukiona kwa busara zangu. Nilikiona kwa sababu nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia somo nililofeli.

Mimi ni afisa ugavi katika halmashauri moja ya mjini. Kwa asiyeijua kazi hii, ni kuhakikisha kwamba kinachonunuliwa kwa fedha ya umma, iwe rimu ya karatasi au mabati ya zahanati, kimepita njia yake: kimo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, wazabuni wameshindanishwa, mkataba umesainiwa, na mzigo umekaguliwa kabla haujapokelewa. Nilianza mwaka 2012. Kufikia 2021 kuna vijana niliowaelekeza mimi jinsi ya kujaza LPO, ile hati ya kuagiza manunuzi, ambao walikuwa wameshanipita cheo, na kila nikiuliza naambiwa yule ana masta. Sitapamba: niliingia chuo kwa wivu. Mapenzi ya elimu yalikuja baadaye, na hayakuja kila siku.

Hela ya ada ilitoka mahali ambapo sikutegemea. Digrii ya kwanza niliisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na mshahara wangu wa msingi ulikuwa ukikatwa asilimia 15 kila mwezi. Makato hayo yalikuwa asilimia 8 kabla ya kupandishwa mwaka 2016. Mei Mosi ya 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na mimi nilikuwa nimebakiza kipande kidogo cha deni. Septemba likaisha. Mshahara wa Oktoba ulipoingia nikakuta laki 1 na elfu 80 za ziada, nikarudia kusoma ule ujumbe wa benki mara mbili.

Mume wangu alitaka tuzipeleke kwenye kiwanja cha Kibaha tulichokuwa tunalipa kidogo kidogo. Nikamwambia, "Baba, hizi hela hatujawahi kuishi nazo. Tuziache huko huko tulikokuwa hatuzioni." Akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akauliza chuo kinaanza lini. Laki 1 na elfu 80 kwa miezi 36 ni milioni 6 na laki 4 na elfu 80. Ada ya programu nzima ilikuwa milioni 5 na laki 2. Nikafungua akaunti nyingine, nikaiagiza benki ihamishe ile laki na themanini siku hiyo hiyo mshahara unapoingia, kabla mkono wangu haujaifikia. Anayeniuliza leo habari za ada, hilo tu ndilo ninalomwambia. Asubiri deni moja liishe, na lile pengo asilile.

Vipindi vilikuwa Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku, na Jumamosi asubuhi kikundi cha majadiliano. Tunakaa Kimara, Dar es Salaam. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 tulishangilia kama watu waliokombolewa, lakini anayeupanda saa tatu usiku kutoka mjini anajua kwamba ukikosa gari mbili za kwanza unafika nyumbani saa nne na nusu, umekunjwa shati na watu usiowajua. Kusoma kitabu humo haiwezekani, hata mkono wa kufungulia ukurasa huna. Nikaanza kujirekodi kwenye simu. Saa kumi alfajiri naamka, najifungia jikoni, najisomea mada kwa sauti kwa Kiswahili changu cha kawaida kama namweleza jirani, halafu jioni nasimama kwenye gari na spika za masikioni nikijisikiliza. Nimefaulu somo la takwimu kwa sauti yangu mwenyewe ikinigombeza: "Hapo hujaelewa, rudia."

Sasa turudi kwa yule binti.

Sapu niliyopata ilikuwa ya usimamizi wa mikataba, somo ambalo kwa kazi yangu ilikuwa aibu. Septemba 2022 nikakaa kulirudia. Nikafika kwenye sura ya mabadiliko ya kazi ndani ya mkataba, kitu ninachokifanya kila mwaka: mkandarasi amepewa mtaro wa mita mia mbili, mvua ikanyesha, ikaonekana zinahitajika mita ishirini zaidi. Huwezi kumwambia endelea tu. Kazi ya ziada inapimwa, inapewa bei, nyongeza ya mkataba inasainiwa, na pande zote mbili zinajua kwamba kazi imeongezeka. Nimewahi kumrudishia mhandisi faili mara tatu kwa sababu hiyo, na akaninunia.

Nikaiweka kalamu chini. Kabla sijaanza chuo nilikuwa nafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, napika mimi, naogesha mimi, yule binti anakaa na tamthilia yake. Chuo kilipoanza, siku tatu za wiki alipika yeye, akaogesha yeye, akasimamia kazi za shule za binti yangu wa darasa la nne, akamlaza mdogo, akakaa macho kunisubiri hadi saa nne na nusu anifungulie geti, na saa kumi na moja alfajiri yuko juu anawasha jiko. Mshahara ulikuwa elfu 80 nilipoanza na elfu 80 siku aliyoondoka. Sikumwambia hata kwamba kazi imeongezeka. Sidhani kama mimi mwenyewe nilijua. Kichwani mwangu ilikuwa ni mimi tu ninayejitesa.

Nilimpigia, akapokea. Alikuwa kwao Handeni, amejiunga na mama mmoja anamfundisha cherehani. Nikamwomba radhi, maneno yenyewe yakitoka vipande vipande, na jioni nikamtumia nauli yake, ikiwa imechelewa miezi saba, na juu yake kitu kidogo. Akanijibu kwa meseji: "Asante dada nimepata. Lile beseni la bluu la kufulia ni langu nilinunua mwenyewe."

Ni kweli, lilikuwa lake. Tulikuwa tumelitumia muda wote huo. Nikaliosha, nikalipeleka stendi ya mabasi siku iliyofuata, likaenda Handeni kwenye buti.

Aliyetuokoa wiki ile ya mtihani ni mama mkwe. Alikuja kutoka Muheza kwa wiki mbili, akakaa hadi Agosti. Alifika na gunia la machungwa na kuku wawili hai, akatazama kalenda yangu ya vipindi niliyoibandika kwenye friji, akauliza, "Mkwe, hii shule inaisha lini?" Nikasema 2024. "Ishirini na nne," akarudia taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. Siku moja nikamsikia akimuuliza mdogo mama yake yuko wapi, mtoto akamjibu, "Shuleni. Hajafaulu tu."

Hakunihurumia, na nashukuru. Alikuwa na sharti moja: Ijumaa jioni siendi popote, sishiki kompyuta, napika mimi. Nilidhani ananikomoa. Kumbe alikuwa amewaona watoto wanavyokaa Ijumaa kuanzia saa kumi, mlangoni. Alipoondoka tukatafuta msaidizi mwingine, na safari hii nilikaa naye mezani tukaandika: saa za kuanza, saa za kumaliza, Jumapili yake mwenyewe, na kila usiku wa kipindi una malipo yake pembeni. Mume wangu akacheka kwamba nimeleta zabuni nyumbani. Dada yule yuko nasi mpaka leo.

Juni sitasema mengi, anayefanya kazi serikalini anaijua. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila idara iliyolala tangu Julai inaamka na maombi ya manunuzi, na chuo nacho kinakaribia mitihani ya muhula wa pili. Juni ya 2022 nililala ofisini juu ya mkeka usiku mmoja. Ya 2023 nikamwandikia mkuu wangu barua mwezi Machi, na tarehe za mitihani nikaziambatanisha, ili asije akasema hakujua. Alisaini bila kusoma, nadhani, lakini alisaini, na Juni ilipofika barua ilikuwepo kwenye faili.

Kilichonitoa jasho hasa ni tasnifu. Nilichagua mada ya kazini kwangu nikiamini nitapunguza mzigo. Sheria ilikuwa imetaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi ya mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vimesajiliwa, zabuni zipo kwenye mfumo, lakini wanaoomba ni wachache. Kwa nini? Nikaandika sura tatu juu ya vikundi vya wanawake na TANePS, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, nikatetea pendekezo langu Mei 2023, jopo likapitisha na marekebisho madogo. Nilirudi nyumbani kwa bajaji siku hiyo, anasa yangu ya muhula.

Julai 2023 serikali ikaanza kutumia mfumo mpya, NeST. Oktoba TANePS ikawekwa kando. Mchana nilikuwa kwenye mafunzo ya NeST na maafisa ugavi wenzangu, tunashangilia kwamba mfumo umejengwa na vijana wetu wenyewe. Usiku nafungua kompyuta, naandika habari za marehemu. Halafu sheria yenyewe ya ununuzi, ile ya 2011 niliyoinukuu kila ukurasa, nayo ikawa inaandikwa upya bungeni, na kweli ikatoka Sheria Namba 10 ya 2023.

Msimamizi wangu alikuwa mwalimu wa maneno machache. Pembeni mwa kurasa zangu alikuwa akiandika "Kwa hiyo?" na kuendelea. Nilimfuata nikiwa tayari kulia. Akasema, "Umebadilishiwa mfumo. Swali limebadilika?" Nikafikiri. Halikuwa limebadilika. "Basi nenda kaandike." Wiki sita zikapotea kurekebisha, na sehemu yote ya sheria nikaisuka upya.

Hapo katikati ndipo nilipotaka kununua.

Karibu na chuo kuna steshenari kadhaa, na moja ilikuwa na karatasi mlangoni: tunaandika proposo, tunachambua data, tunafunga vitabu. Nikaingia kuchapa dodoso, nikatoka na bei. Laki 7, sura zote tano, nitapewa na maelezo ya kujibu maswali ya jopo. Namba ya yule kijana nikaihifadhi kwa jina la "Fundi Bomba" ili mume wangu asiulize. Nilikaa nayo wiki tatu. Hela nilikuwa nayo kwenye ile akaunti ya pembeni. Watu wawili niliowafahamu walishafanya hivyo na wanaendelea vizuri kabisa, na anayedhani watu hao huumbuka kila mara hajakaa vyuoni.

Sikuacha kwa sababu ya uadilifu wa hali ya juu. Niliacha kwa mazoea. Katika kazi yangu kuna kamati ya ukaguzi na mapokezi: boksi limeandikwa toner, unalifungua, unahesabu, ndipo unasaini. Miaka yote sijawahi kusaini boksi ambalo halijafunguliwa, na nimeshafunguliwa maboksi yenye matofali. Nikajiona nimesimama mbele ya jopo nikisaini boksi. Nikaifuta namba ya fundi bomba. Wiki hiyo hiyo bomba la jikoni likapasuka, mume wangu akaniambia, "Si unayo namba ya fundi?"

Data nilikusanya Novemba na Desemba 2023, ndani ya mvua za El Nino. Msimamizi alinikataza kwenda kwa vikundi vya halmashauri yangu mwenyewe, maana wangemjibu afisa ugavi na siyo mwanafunzi. Kwa hiyo nikaanza mzunguko wa barua kama mgeni: chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii, yeye kwenda kwa watendaji wa kata. Wiki tano. Nilikaa kwenye mabenchi yale yale ambayo watu huwa wananisubiri mimi, na kuna mhudumu aliniambia "njoo kesho" kwa sauti niliyoitambua kabisa, kwa sababu ni yangu.

Orodha niliyopewa ilikuwa na wanachama 140. Kwa kanuni ya Yamane ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa, na kosa la asilimia 5, nikahitaji watu 104. Nilipata 91. Mikopo ile ya vikundi, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili, kwa hiyo mtu yeyote aliyefika na faili mkononi aliulizwa kwanza kama mikopo imefunguliwa. Nikisema hapana, nimekuja na maswali, nyuso zinashuka. Wengine walinijibu kwa huruma tu, kwa jinsi nilivyolowa.

Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha kushona sare za shule, mama wa miaka sitini na kitu, alinikaribisha kwenye kibaraza chenye vyerehani vinne. Nikamsomea: "Mfumo ni rahisi kutumia. Nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa."

"Nakubali," akasema bila kusita.

Nikatia tiki. Swali la pili: mfumo unaniokolea muda. Nakubali. La tatu, nakubali. Nilikuwa na madodoso mengine sita ya siku hiyo, na mvua imeanza tena. Ningeweza kufunga. Lakini majibu yale yalikuwa yamenyooka mno, nikamuuliza nje ya karatasi, "Mama, huwa unaingia kwa simu au kwa kompyuta?"

"Mimi siingii, mwanangu."

"Nani anaingia?"

"Kuna kijana wa steshenari pale kituoni. Namba ya siri anayo yeye. Kukiwa na zabuni ananipigia, nampa elfu 10 anaingia. Tukiomba, elfu 20. Mfumo ni mwepesi sana kwake, hata dakika kumi hazifiki."

"Na asipopiga?"

"Asipopiga basi hakuna zabuni."

Nilishusha dodoso. Nimekuwa afisa ugavi miaka kumi na moja, nimekaa vikao vingi kuuliza kwa nini vikundi haviombi, na tumejibu wenyewe kwamba hawana mtaji, hawana uelewa. Hakuna aliyewahi kuuliza namba ya siri anayo nani. Jioni ile nikarudi kwa vikundi viwili nilivyokuwa nimeshavimaliza, nikauliza swali hilo moja. Kimoja namba ya siri ilikuwa kwa mtoto wa mwenyekiti aliyeko chuo Mwanza. Kingine walikuwa hawajui iko wapi.

Nikaongeza mahojiano ya ana kwa ana, jambo ambalo halikuwa kwenye pendekezo, na safari hii msimamizi hakuandika "Kwa hiyo?" Aliandika "Endelea."

Kuandika kwenyewe kulikuta mgao wa umeme. Kompyuta tulikuwa nayo moja nyumbani, ya mume wangu na ya kwangu. Yeye ni mwalimu wa sekondari na Desemba ana matokeo ya kuingiza. Betri ilikuwa inakaa saa moja na nusu. Nikawa naichaji ofisini, nafika nayo nyumbani kama mtu aliyebeba maziwa, na kila mmoja anaitazama. Usiku mmoja wa Januari aliitumia bila kuniambia, nikakuta imezima, nikasema maneno ambayo hayafai. Hakunijibu kwa hasira. Alisema, "Tangu lini tumekuwa wapangaji wenzako humu ndani?" akaenda kulala.

Hilo sikulimaliza kwa siku moja, na sidhani kama limeisha lote. Nilichofanya ni kuchukua daftari la kaunta la binti yangu lililobaki kurasa. Upande mmoja nikaandika hela ninazodaiwa, upande wa pili saa ninazodaiwa, na ni za nani. Mume wangu: harusi ya mdogo wake niliyofika chakula kikiwa kimeliwa. Binti yangu: mahafali ya darasa, kikao cha wazazi, kusukwa. Mwenzangu wa kikundi cha majadiliano aliyenifanyia wasilisho nilipokwenda msibani Lushoto. Mama mkwe, nikaandika jina nikashindwa kujaza namba. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha umeme, mgao ukapungua, nikaanza kulala saa sita badala ya kuamka saa sita.

Tasnifu ilitakiwa iwasilishwe mtandaoni Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024. Jumapili yake nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika na Afrika Mashariki karibu yote ikaganda. Nilikaa na faili la megabaiti nne likizunguka kuanzia asubuhi hadi saa saba. Nikatoka, nikalipeleka kwenye flashi kwa bodaboda, nikampa mhusika mkononi. Utetezi ulikuwa Agosti, dakika arobaini. Waliniuliza mambo ya Yamane kwa dakika tano na mambo ya namba ya siri kwa muda wote uliobaki.

Joho nilivaa mwishoni mwa mwaka. Mama mkwe alilivaa pia, pale pale uwanjani, juu ya kitenge chake, akapigwa picha peke yake, na ndiyo picha iliyoko sebuleni. Cheo hadi ninapoandika haya hakijabadilika. Barua ninazo, mihuri imekamilika, nasubiri kama wengine. Kiwanja cha Kibaha tumerudi kukilipia.

Januari nilichukua nakala moja iliyofungwa, nikaenda kwa yule mama wa sare. Mwezi wa sare, vyerehani vyote vinne vinakimbia. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua katikati, akaigeuza.

"Kizungu chote hiki?"

"Ndivyo chuo kinavyotaka, mama."

"Sisi tuko wapi humu?"

Nikamfungulia ukurasa wa 71, nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu, majina hayamo lakini kibaraza kimo. Wale waliokuwa wakishona wakapunguza mwendo. Nilipomaliza akauliza, "Na ile elfu 10 ya kijana umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Na ishirini?"

"Nayo imo."

Akafikiri kidogo. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu kubwa iliyopasuka kioo kwenye kona, akanivutia kigoda. "Haya. Nionyeshe mwenyewe ninavyoingia."

Ilikuwa Jumamosi, nimemwahidi binti yangu saa sita niwe nimerudi nimsuke. Nikampigia, nikamwambia saa nane, naye akaniambia ataandika kwenye daftari. Tulianza kwa kubadilisha namba ya siri. Alitaka iwe jina la mjukuu wake wa kwanza na mwaka aliozaliwa, na tuliikosea mara tatu kabla hajakumbuka kwamba mwaka ule haukuwa wa mjukuu huyo.